Wajanja Wote, Foleni Moja

Mkazi wa Dar es Salaam hapimi safari kwa kilomita. Mwulize mtu wa Gongo la Mboto ni mbali kiasi gani kutoka kwake hadi Kariakoo, naye atakuuliza kwanza: "Unatoka saa ngapi?" Ukitoka saa kumi na moja alfajiri, ni karibu. Ukitoka saa moja kasoro, ni mbali. Ukitoka saa moja na nusu na mvua imenyesha usiku, afadhali upige simu kazini useme unaumwa, na hutakuwa umedanganya sana, maana hadi ufike miguu itauma, mgongo utauma na roho nayo itauma.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu. Wengi wao wanaamka saa kumi usiku kwa kazi inayoanza saa mbili. Saa zote zilizo katikati ni mali ya barabara. Kuna watoto mjini hapa wanaomwona baba yao Jumapili tu, kwa sababu siku nyingine anatoka wamelala na anarudi wamelala. Hakusafiri, wala hakuikimbia familia. Anafanya kazi Posta na amepanga Chanika.

Tukiulizwa chanzo, jibu tunalo mdomoni: barabara chache, magari mengi. Jibu hilo lina ukweli wake, na Serikali imelifanyia kazi. Daraja la Nyerere la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, mwaka uleule mabasi ya mwendokasi yalipoanza kubeba abiria kati ya Kimara na katikati ya mji. Daraja la juu la Mfugale pale Tazara likafuata mwaka 2018, la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, la Tanzanite mwaka 2022. Anayekumbuka Tazara ya zamani, pale mtu alipoweza kununua korosho, kuzimaliza na kununua nyingine kabla gari halijasogea, hawezi kuyabeza madaraja hayo. Lakini mtu huyohuyo anajua kilichofuata. Foleni haikufa, ilihama. Tunaruka makutano kwa dakika moja, halafu tunakwenda kuikuta mbele inatusubiri. Zege limeondoa kikwazo kilichokuwa chini ya magurudumu. Kilichobaki kimekaa nyuma ya usukani, na pia kwenye viti vya nyuma tunakokaa sisi.

Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya jaribio dogo ambalo lingefaa kuoneshwa katika kila kituo cha daladala. Waliyapanga magari 22 kwenye duara lenye mzingo wa mita 230. Hakukuwa na mataa, makutano, mashimo wala askari. Madereva waliambiwa jambo moja tu: waende kwa mwendo uleule, kama kilomita 30 kwa saa. Kwa muda kidogo mambo yalikwenda sawa. Kisha mmoja akasogelea kidogo gari la mbele, akakanyaga breki. Wa nyuma yake akakanyaga zaidi, aliyefuata zaidi tena, mpaka wengine wakasimama kabisa. Foleni ikazaliwa pasipo na sababu yoyote ya kuonekana kwa macho, na ikaanza kutembea kurudi nyuma, gari hadi gari. Wale walikuwa madereva waliokuwa wakijitahidi kuendesha vizuri.

Sasa lilete duara lile kwenye Barabara ya Nyerere saa moja asubuhi. Palipochorwa safu mbili zinazaliwa nne. Wa kwanza anatanua kushoto, anapita kwenye vumbi la waenda kwa miguu na kuwasukuma hadi kwenye mtaro. Wa pili anamfuata. Wa kumi anawafuata wote kwa hoja ambayo ni vigumu kuibishia: kama wenzangu wanapita, mimi nikae hapa nimelogwa? Lakini vumbi lina mwisho. Mbele kuna kalvati, nguzo au kibanda cha chipsi, na hapo wote kumi wanataka kuchomekea. Kila anayechomekea anamkanyagisha mtu breki, na breki ile inasafiri kurudi nyuma. Mtu aliyesimama Banana amesimamishwa na Coaster iliyochomekea Vingunguti. Hawaonani wala hawatajuana, na kila mmoja atafika kazini akilaani foleni.

Kwenye mataa ujanja huo unachukua sura nyingine. Pale Buguruni, Barabara ya Mandela inapokutana na ya Uhuru, taa ya kijani inakuruhusu kuingia lakini mara nyingi upande wa pili hakuna pa kwenda. Mwenye subira angesubiri nyuma ya mstari. Mjanja anaingia hivyohivyo, maana akisubiri atapigiwa honi na walioko nyuma na kuzungukwa na bajaji. Taa inabadilika, naye yuko katikati ya makutano pamoja na lori la bandarini linalokwenda Zambia au Kongo, lenye mkia mrefu kupita barabara yenyewe. Sasa zamu ni ya upande mwingine, lakini zamu hiyo haina kazi. Taa inawaka kijani, njia imezibwa, na wale waliodhulumiwa zamu yao wanaahidi kimoyomoyo kwamba ikija nyingine wataingia kwa nguvu. Kila mmoja ameokoa sekunde tano, na wote kwa pamoja wamepoteza robo saa.

Ndipo honi zinapoanza. Honi iliwekwa kwenye gari ili kuonya hatari. Kwetu inafanya kazi zote isipokuwa hiyo. Inaita abiria, hata yule aliyetupa mgongo na anayekwenda zake sokoni. Inamsalimia rafiki ng'ambo ya barabara, inamshukuru aliyepisha, inamtukana asiyepisha, na inamkumbusha dereva wa kwanza kwenye mataa kwamba kijani imewaka nusu sekunde iliyopita. Juu yake weka wapiga debe kituoni, spika ya muuza dawa za panya, na pikipiki zilizotobolewa bomba la moshi makusudi ili mwenye nyumba ya tatu ajue kuna mtu anapita. Shirika la Afya Duniani limehusisha kelele za barabarani na usingizi mbovu na magonjwa ya moyo. Mwaka 2018, katika mwongozo wake kwa nchi za Ulaya, lilishauri wastani wa kelele hizo usivuke desibeli 53, na katika kipimo hicho kila desibeli 10 zinazoongezeka huzidisha nguvu ya sauti mara kumi. Sisi tunaopita tunapata kipande tu. Mama ntilie aliyeweka meza yake kituoni anaipata yote, kuanzia chapati ya kwanza ya alfajiri hadi sahani ya mwisho ya jioni, na darasa lililopakana na barabara linafundishwa kwa kupokezana na honi.

Ubaya mwingine wa kelele ni kwamba zikizidi, hata ya lazima haisikiki. King'ora cha gari la wagonjwa kilikuwa amri. Siku hizi ukikisikia unageuka kwanza kuangalia ni nani, maana huenda ni mtu binafsi anayewahi shughuli zake. Hata gari la wagonjwa likipishwa, tazama nyuma yake: teksi, pikipiki mbili na gari dogo jeupe, wote wamejipanga kwenye upenyo uleule uliofunguliwa kwa ajili ya mtu anayepigania roho yake. Wanafaidi ugonjwa wa mwenzao kwa mita mia mbili, na wakifika mbele wanajiona wamecheza.

Ni rahisi kumaliza mazungumzo hapa kwa kusema madereva wetu hawana ustaarabu. Mimi sikubali, kwa sababu ya majibizano niliyoyasikia jioni moja ndani ya daladala ya Gongo la Mboto. Tulikuwa tumeganda Vingunguti. Dereva, kijana tu, akakata usukani kushoto akaanza kutanua. Mama mmoja wa makamo, ndoo yake ikiwa katikati ya miguu, akapaza sauti:

"Mwanangu, rudi barabarani."

Vijana wa siti za nyuma wakaangua kicheko. "Mama, si ungechukua bajaji!"

Konda akajaribu kuwa mwema. "Tulia mama, tunakuwahisha."

"Nani kakwambia nimechelewa?"

Dereva akajibu bila kugeuka. "Mama, nikikaa kwenye foleni, hesabu ya tajiri utanilipia wewe?"

"Na mimi nikivunjika mguu, huyo tajiri ndiye atakayenitibu?"

Hakuna aliyecheka tena. Lakini dereva hakurudi barabarani. Alitanua hadi alipokwama, akachomekea, na pembeni yetu ilikuwa daladala tuliyoiacha nyuma tulipotoka barabarani.

Maswali yale mawili hayajibiani, na yote mawili ni ya haki. Daladala nyingi hazina mshahara. Mwenye gari anataka hesabu yake kila jioni, jua liwake au mvua inyeshe. Mafuta yanatoka mfukoni mwa dereva. Kinachobaki wanagawana yeye na konda, na kama kuna deiwaka aliyewapokea mchana, naye anamegewa. Siku ikiwa mbaya wanamfanyia kazi tajiri na kituo cha mafuta, wanarudi nyumbani mikono mitupu. Katika mpango huo kila dakika ya kusimama ni chakula kinachotolewa mezani. Mpango wenyewe unamwadhibu mwenye subira. Ndiyo maana daladala inakata ruti na kutuacha njiani mara dereva anapoona upande wa pili kuna abiria wengi. Ndiyo maana mbili zinafukuzana kugombea mtu mmoja aliyesimama kituoni, na ndiyo maana zinashushia katikati ya barabara. Unaweza kuwahubiria madereva hawa mwaka mzima juu ya kawia ufike, na wanalijua hilo, tena wengine wameliandika kwenye kioo cha nyuma. Lakini akikawia, mwenye gari atampa funguo mwingine.

Adhabu nayo, kwa jinsi tunavyoitoa, inaingia katika hesabu ileile. Dereva anayepigwa faini ya shilingi 30,000 asubuhi anajua sasa anadaiwa na wawili, tajiri na Serikali. Fedha hiyo ataitafuta wapi? Ataitafuta barabarani, kwa mwendo uleule uliomfanya akamatwe, akiongeza kidogo. Kwake trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo aliyejibanza nyuma ya mti hamfundishi mwendo salama. Anamfundisha miti ilipo.

Hapo ndipo ninapoona kitu cha ajabu. Madereva hawa ambao hawapishani, ambao wangekuacha uoze kwenye makutano kuliko kukupa nafasi, wakikutana baada ya mmoja wao kumwona trafiki wanawashiana taa. Mwenye gari la milioni mia anamwonya mwenye lori la mchanga. Dereva wa tajiri huyu anamwonya dereva wa tajiri yule, mshindani wake wa kila siku. Hawajuani, hawalipani, na mwenye kuonya hapati faida yoyote. Basi moyo wa kumjali mgeni barabarani tunao. Tumeutumia kumkwepa askari, tukasahau kuutumia kumvusha mtoto.

Kuujua mwendo pia tunaujua. Barabara ya kwenda Iringa na Mbeya inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Mle ndani mwendo umewekewa kikomo, kuna matuta, na kuna bango lililoorodhesha faini ya kila mnyama atakayegongwa. Dereva wa basi la mikoani aliyetanua kuanzia Kibamba akifika pale anakuwa mtu mwingine. Anapunguza, anatazama kushoto na kulia, anasubiri nyani amalize kuvuka kwa maringo yake. Akitoka hifadhini anakutana na kijiji, na kwenye kijiji kuna zebra, na kwenye zebra kuna mtoto mwenye sare ameshika mkono wa mdogo wake. Hapo haoni sababu ya kupunguza. Anawasha taa kubwa, na maana yake hapa kwetu mtoto anaijua: siyo pita, ni thubutu uone. Swala ana bei iliyoandikwa. Mtoto hana bango.

Duniani kote takriban watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, na ajali hizo ndizo muuaji wa kwanza wa walio kati ya miaka 5 na 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa hawamo ndani ya gari au basi: ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na watu wa pikipiki. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973, na imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Bodaboda anayetukwepesha foleni anakijua kikomo hicho. Sisi tuliopanda nyuma yake bila kofia, kwa kuogopa jasho la aliyeivaa kabla yetu, tunakijua vilevile, na bado tunamwambia: "Kanyaga, nimechelewa."

Hapa ndipo abiria tunapoingia kwenye kesi. Tumezoea kujiona mizigo, watu wa kupakiwa na kushushwa, na kumbe sisi ndio tunaolipa safari nzima. Dereva anatusikiliza kuliko anavyomsikiliza trafiki, kwa kuwa trafiki anamkuta mara moja na sisi tuko naye njia nzima. Na tunamwambia nini? Akifuata foleni tunamuuliza kama amebeba maiti. Akisimama kwenye taa nyekundu saa nne usiku tunamcheka. Akitanua, tunamsifu kwamba suka anajua kazi. Kila siku tunampigia kura ya mwendo, na siku ya ajali tunasema madereva wa siku hizi wanavuta bangi. Mama mwenye ndoo alikuwa peke yake kwenye daladala iliyojaa. Wangekuwa kumi wanaosema neno lile, sidhani kama kijana yule angeendelea na vumbi lake.

Wenye magari madogo nao wasijitoe. Dereva wa daladala anaweza kutaja tajiri. Mwenye gari lake, kiyoyozi kimewaka na redio inaimba, hakuna anayemsubiri jioni na daftari. Anapotanua anatanua kwa hiari yake. Kuacha nafasi kwenye makutano hakumpunguzii chochote, na kupisha gari moja kunamchelewesha kwa muda mfupi kuliko anaoutumia kusoma ujumbe kwenye simu akiwa kwenye mataa. Kama kuna kundi la kuanza kutuonesha mfano, ni hili, kwa sababu linaweza kumudu subira.

Kwa wenye daladala, sheria za kazi hazikuwasahau: dereva na konda ni wafanyakazi, na mfanyakazi ana mkataba na mshahara. Anayemlipa dereva wake kwa mwezi anaweza kumdai nidhamu. Anayemdai hesabu ya kila jioni amekwisha kumwambia aendesheje, hata kama hakufungua mdomo. Na wanaotoa leseni za usafirishaji wangeuliza swali moja tu, dereva analipwaje, kabla ya kugonga muhuri, wangepunguza ajali kuliko tochi nyingi zilizojibanza kwenye miti.

Hayo yatachukua muda. Lililo mikononi mwetu leo ni dogo, nalo linaonekana kila asubuhi mlangoni. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, mtu mzima analipa zaidi ya mara mbili yake, kwa hiyo konda anaweka mkono mlangoni na kuwaambia watoto wasubiri inayofuata. Inayofuata nayo ina konda. Sisi tuliokwisha kukaa tunatazama nje ya dirisha, halafu jioni tunashangaa dereva gani huyu asiyesimama zebra, na kumbe asubuhi tumemwonesha kwamba mtoto wa mtu si hoja. Konda akiweka mkono kesho, asisikie mama mmoja. Asikie basi zima likimwambia: wapandishe, ndipo tuondoke. Hakuna daraja la kujengwa hapo, wala bajeti ya kusubiriwa.